Maji ya Bahari Yakishatolewa Chumvi: Dawa Itiwe Wapi, na kwa Kiasi Gani?

Katika miaka hii vijana wengi wa nchi zetu wamevuka bahari kwenda kutafuta riziki katika nchi za Ghuba. Wapo walinzi wa majengo, wapo madereva na wapishi, wapo mabinti wanaofanya kazi za nyumbani; na miongoni mwa walinzi hao si wachache waliopata kuvaa sare ya jeshi au ya polisi kabla ya kusafiri. Wapigapo simu, baada ya salamu na habari za mshahara, mara nyingi hufuata neno juu ya maji. "Mama, maji ya huku hutolewa baharini, nayo yananuka dawa." Mama naye, kwa kumhurumia mwanawe, humwambia asiyanywe.

Jibu hilo la mama lina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki yaweza kumdhuru mtoto. Ndiyo maana ukurasa huu wa nyumbani umeona vema kulieleza jambo lenyewe tangu mwanzo wake baharini mpaka katika kikombe.

Kabla ya miaka ya 1950, watu wa mji wa Kuwait walinunua maji yaliyoletwa kwa majahazi kutoka Shatt al-Arab, mto unaoingia baharini kaskazini mwao. Mabaharia wa Kuwait wasomaji wetu wa pwani wanawajua kwa jambo jingine: ndio waliokuwa wakija na upepo wa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji kuchukua boriti za mikoko kwa kujengea nyumba zao. Mji uliokosa miti ulikosa na maji, na vyote viwili viliufikia kwa tanga. Mwaka 1953 mtambo wa serikali wa kuvukiza maji ya bahari ulianza kazi hapo Shuwaikh, Kuwait, na biashara ya majahazi ya maji ikafifia. Tangu hapo jirani zake wote wa Ghuba wamefuata njia hiyo. Mjini Muscat, ambako Kiswahili bado husikika katika nyumba nyingi za watu waliorudi kutoka Unguja na bara, mtambo wa Al Ghubrah ulianza mwaka 1976.

Njia za kuondoa chumvi ni mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni ya birika: maji huchemshwa, mvuke huinuka bila chumvi, mvuke hupozwa ukawa maji. Ya pili ni ya kusukuma maji kwa nguvu nyingi yapite katika utando mwembamba sana ambao huyaachia maji na kuizuia chumvi. Njia hii ya pili hula nishati kidogo kuliko ile ya kwanza, na mitambo mingi inayojengwa sasa ni ya namna hiyo.

MGENI WA TATU

Katika njia zote mbili, taabu huanza mlangoni. Maji ya bahari hayaji peke yake. Huja na mayai ya kome na chaza, magugu, na utelezi wa vijidudu ambao hushika kuta za mabomba na kuyaziba kama mafuta yazibavyo bomba la jikoni. Kuwaua wageni hao, wahandisi hutia klorini pale maji yanapoingia. Ni dawa ile ile inayotiwa katika maji ya miji yetu, na kila askari aliyepata kupiga kambi mbali na bomba anaijua harufu ya vidonge vyake.

Lakini baharini klorini haimkuti adui tu. Lita moja ya maji ya bahari kuu ina gramu zipatazo 35 za chumvi, na katika Ghuba, kwa ukali wa jua, hupita gramu 40. Nyingi ya chumvi hiyo ni hii ya mezani. Ndani yake imejificha chumvi nyingine iitwayo bromaidi, kiasi cha miligramu 65 katika lita. Ikiachwa, bromaidi ni pole. Klorini inapoingia huivua upole wake na kuigeuza kuwa bromini kali; nayo bromini, ikikutana na uozo wa magugu na viumbe vidogo vya baharini, hushikamana nao na kuzaa kemikali mpya ambazo hazikuwamo baharini wala katika pipa la dawa. Hizo ndizo tutakazoziita hapa kemikali zizaliwazo na dawa. Iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya bahari huitwa bromofomu.

Jambo hili halikujulikana zamani. Klorini ilikuwa imekwisha tumika katika miji ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya nusu karne pale mkemia Johannes Rook, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya Rotterdam, Uholanzi, alipochapisha mwaka 1974 kwamba maji ya mto yaliyotiwa klorini huzaa klorofomu na ndugu zake wenye bromini. Mwaka huo huo watafiti wa Marekani waliona vivyo hivyo katika maji ya kwao. Mwaka 1979 Marekani iliweka kikomo kwa jamii hiyo ya kemikali: mikrogramu 100 katika lita, kwa jumla yake, baadaye ikapunguza kuwa 80. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi kwa kila moja: klorofomu mikrogramu 300, bromofomu 100, na kwa ndugu mmoja wa katikati, mwenye klorini mbili na bromini moja, 60 tu.

Msomaji mwenye jicho ataona kwamba yenye bromini imebanwa kuliko yenye klorini. Liko na jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Chembe moja ya bromofomu ina uzito unaopita maradufu ya chembe moja ya klorofomu. Basi pale sheria inapopima jumla kwa uzito, mji unywao maji ya bahari hufika kwenye kikomo upesi zaidi kuliko mji unywao maji ya mto, hata kama idadi ya chembe ni ile ile.

Je, kemikali hizi hudhuru? Kwa wanyama wa maabara waliopewa kwa wingi, ndiyo: ini na figo zao ziliharibika, na baadhi walipata uvimbe wa saratani. Kwa binadamu, uchunguzi katika nchi kadhaa umeonyesha uhusiano kati ya kunywa maji yenye kemikali hizi kwa miaka mingi sana na saratani ya kibofu cha mkojo. Maneno ya kushika ni hayo ya "miaka mingi sana". Hakuna anayelazwa hospitali kwa sababu ya glasi ya jana.

KAZI YA WAHANDISI

Dawa hii huzaa zaidi ikiwa nyingi, ikikaa muda mrefu, maji yakiwa ya moto, na uozo ukiwa mwingi. Kwa hiyo anayetaka kuzuia uzazi huo ana milango minne ya kulinda, na uhodari wa mtambo hupimwa hapo.

Mitambo ya zamani ilimimina klorini mlangoni usiku na mchana bila kupumzika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986 juu ya bahari ya pwani ya Kuwait uliikuta bromofomu ikitawala miongoni mwa kemikali za jamii hii. Maji ya moto ya mitambo, yaliyokwisha tiwa klorini, yalikuwa yakirudishwa baharini, na maji ya bahari hiyo hiyo huvutwa tena na milango ya mitambo. Siku hizi mitambo mingi ya utando hutia dawa kwa vipindi: dozi kali kwa muda mfupi, kisha kimya. Kabla maji hayajafika kwenye utando hutiwa dawa nyingine ya kuimaliza klorini iliyosalia, kwa kuwa utando wenyewe huliwa na klorini kama nguo inavyoliwa na dawa ya madoa. Hapa tamaa ya kuokoa mali imesaidia afya, maana mhandisi anayeuhurumia utando wake wa bei kubwa hupunguza dawa hata kama hakumfikiria mnywaji.

Katika njia ya birika, mambo ni mengine. Bromofomu hupanda pamoja na mvuke. Sehemu kubwa yake hunyonywa na mapampu yanayotoa hewa katika mtambo, lakini sehemu hubaki na kuingia katika maji safi. Heri iliyopo ni kwamba bromaidi yenyewe haipandi na mvuke, hivyo maji yaliyotoka huwa hayana tena mama wa kuzaa. Maji ya utando ni kinyume chake kidogo: bromaidi kiasi hupenya, sehemu ya miligramu kwa lita, ambayo ni nyingi ukilinganisha na mito mingi. Lakini uozo umezuiliwa karibu wote, basi klorini ya mwisho, ile inayotiwa ili kuyalinda maji njiani mpaka nyumbani, haipati mengi ya kushikamana nayo.

Ukiishia hapo utasema: maji ya bahari yaliyotolewa chumvi ni safi kuliko ya mto, kwisha habari. Na mara nyingi ndivyo. Lakini maji yaliyotoka mtamboni yana njaa. Hayana madini, hayana ladha, nayo hula mabomba ya chuma na saruji. Ni lazima yalishwe kwanza. Wengine huyapitisha katika mawe ya chokaa, na hiyo ni njia njema. Wengine huyachanganya na maji ya visima vyenye chumvi chumvi. Wengine huongeza maji kidogo ya bahari yenyewe, na hapo ndipo hesabu ndogo inapofaa. Ukitia ndoo moja ya maji ya bahari katika ndoo mia za maji yaliyosafishwa, umerudisha miligramu 0.65 za bromaidi katika kila lita, baada ya gharama yote ile ya kuiondoa! Na ikiwa maji hayo yatakutana mjini na maji ya bwawa yenye uozo wa majani, bromaidi imepata uozo, klorini ipo, na uzazi huanza upya ndani ya mabomba ya mji. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mahali pa hatari kuu pako hapo kwenye kuchanganya kuliko mlangoni baharini.

Iko hatari nyingine katika kiwanda cha dawa chenyewe. Mitambo mingi ya pwani hujitengenezea klorini kwa kupitisha umeme katika maji ya bahari. Ni rahisi na huondoa hatari ya kusafirisha mitungi ya gesi. Lakini umeme huo huigeuza bromaidi kuwa bromati, ambayo kikomo chake ni mikrogramu 10 tu katika lita na ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Kutumia klorini hiyo mlangoni si neno, kwa kuwa utando au mvuke utaiacha bromati nyuma. Kuitumia mwisho, katika maji yaliyo tayari kwenda kwa watu, ni kosa. Kwa kazi ya mwisho dawa itengenezwe kwa chumvi safi iliyo na bromaidi kidogo.

Bahari nayo hubadilika. Kuanzia mwezi Agosti 2008 na kuendelea mwaka 2009, viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho viliongezeka mno katika Ghuba na Bahari ya Oman mpaka maji yakawa mekundu, na baadhi ya mitambo ya Muungano wa Falme za Kiarabu na Oman ililazimika kusimama. Siku kama hizo uozo huwa mwingi, na mwendeshaji mwenye woga hushawishika kuongeza klorini mlangoni, jambo ambalo huvipasua viumbe hivyo na kumwaga uozo zaidi. Dawa yake ni kuchuja na kuelea: uozo uondolewe kwanza, klorini ije baadaye.

JUA JUU YA TANGI

Wakati mwingine jua hushiriki. Mwaka 2007, mjini Los Angeles, Marekani, bromati iligunduliwa katika mabwawa mawili ya maji ya kunywa yaliyokuwa wazi. Maji yalikuwa na bromaidi ya asili, yalikuwa na klorini, na jua likafanya yaliyobaki. Maji ya mabwawa hayo yalimwagwa. Mwezi Juni 2008, katika bwawa jingine la mji huo liitwalo Ivanhoe, mipira myeusi ya plastiki 400,000 ilimiminwa ifunike uso wa maji kama mkeka ili jua lisipenye. Watu walicheka walipoona picha zake, lakini jua halikupenya. Nasi tunaweza kujifunza bila kununua mpira hata mmoja: tangi juu ya paa liwe na kifuniko, na lisiwe la plastiki nyeupe ipitishayo mwanga.

SASA TURUDI KWA YULE MAMA

Je, alifanya vema kumwambia mwanawe asiyanywe? Hebu tutazame upande wa pili wa mizani. Mwezi Januari 1991 kipindupindu kiliingia Peru, nchi iliyoko pwani ya Amerika ya Kusini, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 300,000 walikuwa wameugua na maelfu kufa. Watafiti waliochunguza mji wa Trujillo walikuta maji ya bomba hayakutiwa klorini, nayo yalichafuka zaidi kadiri yalivyokwenda mbali na kisima na kuwekwa katika vyombo vya nyumbani. Wapo waliosema baadaye kwamba hofu ya saratani ndiyo iliyowafanya wakubwa wa maji wasite kutia dawa. Wengine wamelipinga hilo, wakisema fedha na mabomba mabovu vilitosha kuwa sababu. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kipindupindu huweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu kwa muda wa saa chache, naye hana nafasi ya kungoja miaka thelathini ya bromofomu.

Shirika la Afya Duniani limeandika wazi kwamba kuua vijidudu kusidhoofishwe kamwe kwa ajili ya kupunguza kemikali hizi. Linataka angalau miligramu 0.2 za klorini zibaki katika kila lita inayofika kwa mtumiaji, na linahesabu kuwa mpaka miligramu 5 hazidhuru afya. Pua ya binadamu huisikia klorini iliyo chini sana ya hapo. Kwa hiyo harufu ile aliyoilalamikia kijana ni alama kwamba mlinzi yuko kwenye lindo lake. Maji ya kuogopwa zaidi ni yale ya tangi la jengo ambalo halijaoshwa kwa miaka, yasiyonuka dawa hata kidogo kwa sababu dawa imekwisha yote kwa kupigana na uchafu.

Wengi huona njia ya mkato ni maji ya chupa. Si mabaya, lakini nayo hayako juu ya kemia. Mwezi Machi 2004, nchini Uingereza, chupa zipatazo 500,000 za maji ya Dasani zilirudishwa kutoka madukani kwa kuwa zilikuwa na bromati iliyopita kikomo. Maji hayo yalikuwa ya bomba yaliyosafishwa, yakaongezwa chumvi ya madini iliyokuwa na bromaidi, kisha yakatiwa gesi ya ozoni. Ozoni na bromaidi huzaa bromati.

Basi mwenye kuishi kwa maji haya, awe Muscat, Doha au popote pwani, afanye nini nyumbani mwake?

Ajue kwanza tangi la jengo husafishwa lini, naye asione haya kumwuliza msimamizi. Tangi likae kivulini, lifunikwe. Joto huongeza uzazi wa kemikali na kuimaliza klorini, na wakati wa kiangazi maji ya paani huweza kuwa moto kama ya kuogea. Asubuhi, maji yaliyolala katika bomba yamwagiwe ndoo ya kufulia, ndipo yachotwe ya kunywa.

Anayechukia harufu ajaze birika safi, alifunike kwa kitambaa, aliweke mahali pa baridi kwa saa chache, harufu itapungua. Lakini maji hayo ayamalize siku hiyo hiyo, maana mlinzi ameondoka pamoja na harufu. Mtungi wenye mkaa wa kuchujia hupunguza klorini na bromofomu pia, ila mkaa ukichakaa bila kubadilishwa huwa makazi ya vijidudu, na hapo ni afadhali usingekuwapo.

Kuchemsha kuna faida mbili: huua vijidudu na hufukuza sehemu kubwa ya bromofomu na ndugu zake. Sufuria iwe wazi maji yanapotokota, na dirisha liwe wazi, kwa sababu kile kinachotoka majini huingia katika hewa ya jikoni. Kwa sababu hiyo hiyo anayeoga maji ya moto katika chumba kidogo kisicho na dirisha asikawie humo bila sababu. Bromati, kama tulivyosema, haitoki kwa moto, na hiyo ni kazi ya mtambo wala si ya mama jikoni.

Mwisho ni juu ya wale wanaoongeza dawa wenyewe. Maji ya bomba yaliyokwisha tiwa klorini hayahitaji kuongezwa nyingine kwa hofu tu. Ikiwa bomba limekatika na maji yameletwa kwa gari, matone mawili ya dawa ya madoa isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 au 6, yanatosha kwa lita moja ya maji maangavu. Yakorogwe na kuachwa nusu saa. Maji yenye vumbi yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa kanuni ile ile ya wahandisi. Chupa ya dawa inunuliwe ndogo, itazamwe tarehe yake, iwekwe gizani penye ubaridi na mbali na mikono ya watoto. Ikikaa mwezi kwa mwezi juani hupoteza nguvu na kugeuka kuwa klorati, ambayo haiui kijidudu chochote. Kijana wetu aliyepanga chumba chini ya paa la bati, na chupa yake ya dawa ameiweka dirishani, aihamishe leo.